Adabu ya Jukwaani

Siku hizi vijiji ambavyo watu wake hawajapata kutazama mchezo wa kuigiza ni vichache. Watoto huigiza siku ya kufunga shule, vijana wa kwaya huigiza wakati wa Noeli na Pasaka, na pengine huja wageni na michezo ya kufundisha watu habari za maradhi au za kilimo. Watu hukusanyika wengi, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo. Lakini aghalabu mtu arudipo nyumbani, akiulizwa ameona nini, hujibu, “Nimeona migongo ya watu, na maneno sikuyasikia.” Jambo hili lasikitisha, maana waliocheza walijitaabisha bure, na waliotazama walipoteza jioni yao.

Kazi yangu ni ualimu, na kwa muda wa miaka 11 nimekuwa nikiwafundisha vijana wa sekondari wanaoanza kujifunza kuigiza. Wengi wao huja wakidhani kwamba kazi hii ni ya watu wasioona haya, na kwamba mwenye sauti kubwa na mbwembwe nyingi ndiye atakayesifiwa. Siku ya kwanza huwaambia kwamba sivyo. Kuigiza ni kazi yenye kanuni zake, kama vile ujenzi wa nyumba ulivyo na kamba na timazi. Na kanuni hizo zote, ukizichungua sana, ni adabu moja tu: kujiweka mahali ambapo mwenzako ataonekana, na atasikika, wala hataumia. Leo nataka kueleza mafundisho yale ya kwanza, ili wenye vikundi vya michezo vijijini wapate kuyatumia, na wazazi wapate kujua watoto wao hufanya nini katika darasa la namna hii.

Yafaa nianze na shaka ya wazazi, kwani isipoondoka hiyo, mengine yote ni kazi bure. Mwaka mmoja mzee wa kanisa alifika shuleni asubuhi. Nalimwamkia, akaitikia, akaketi, akasema, “Mwalimu, nimekuja kumtoa binti yangu katika darasa lako. Nalimleta shule ajifunze kweli, nawe wamfundisha kujifanya asivyo. Sisi mtu ajifanyaye asivyo twamwita mnafiki.”

Sikuudhika, kwa sababu neno alilolitaja lina asili ndefu. Katika Kiyunani cha kale mchezaji wa jukwaani aliitwa hupokrites. Neno hilo hilo ndilo lililotumika katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, kwa watu wanaosali na kutoa sadaka kusudi watazamwe. Na waliofasiri Injili kwa Kiswahili walisema “wanafiki”. Basi mzee yule hakukosa kuona kwamba mambo haya mawili yanakaa jirani.

Lakini jirani si lazima awe ndugu. Mnafiki huigiza mbele ya watu wasiojua kwamba anaigiza, na kama wangejua, mchezo wake ungekwisha saa ile ile. Mwigizaji huwaalika watu tangu siku nyingi, akawaambia waje kutazama mchezo. Wote wanajua kwamba mwenye ndevu za katani ni kijana wa kidato cha pili, na kwamba aliyeanguka na kufa atasimama baadaye na kula chakula cha jioni. Mchezo ukiisha huvua mavazi yale, akawainamia watu, akaenda zake kwa jina lake mwenyewe. Tena mnafiki ataka yeye atazamwe, bali mwigizaji mwema ataka lile jambo litazamwe.

Nalimweleza mzee habari nyingine pia. Zamani za miaka ya 970 hivi, Askofu Æthelwold wa Winchester, katika nchi ya Uingereza, aliwaandikia watawa kitabu cha taratibu zao. Ndani yake mna maagizo ya alfajiri ya Pasaka. Ndugu mmoja avae kanzu nyeupe, aingie pasipo kutazamwa sana, aketi kimya karibu na mahali palipofanywa kuwa kaburi, mkononi ameshika tawi la mtende. Kisha ndugu watatu waje na vyetezo, wakienda polepole kama watu wanaotafuta kitu. Yule aliyeketi ni malaika, na wale watatu ni wanawake waliokwenda kaburini. Wote walikuwa wanaume, wala hapana mtu katika kanisa lile aliyedanganyika akadhani ni wanawake. Nanyi angalieni jinsi maagizo yale yalivyo madogo na ya hakika: nani aketi wapi, ashike nini, aende mwendo gani. Hata leo mwalimu wa kuigiza huanza na hayo hayo.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Maneno yako ni mazuri, mwalimu, lakini mimi si mtu wa maneno.” Nalimwomba basi aje siku moja atazame mazoezi kabla ya kukata shauri, naye akakubali. Aliyoyaona nitayasimulia mahali pake. Kwanza tuyatazame mafundisho yenyewe.

Fundisho la kwanza ni kujua mahali. Siku ya kwanza simpi mwanafunzi neno lo lote la kusema. Huchora mraba mkubwa kwa chokaa sakafuni, nikaugawa sehemu tisa. Upande ulio karibu na watazamaji ni mbele, ulio mbali nao ni nyuma, na kati yake ni katikati. Kulia ni kulia kwake mchezaji awaelekeapo watazamaji, wala si kulia kwa mtazamaji. Kisha husema, “Mbele kushoto! Nyuma kulia! Katikati!” nao huenda nisemapo. Siku ile nusu yao hugongana, wengine hucheka. Lakini baada ya juma moja darasa zima huweza kuhama pasipo kugusana, na tangu hapo msimamizi wa mchezo aweza kusema neno moja akafahamiwa.

Waingereza na Wamarekani huuita upande wa nyuma wa jukwaa “juu”, na ule wa mbele huuita “chini”. Asili yake ni kwamba zamani katika nchi ya Italia sakafu ya jukwaa iliinuliwa kidogo kidogo kuelekea nyuma, ili picha za nyumba na njia zilizochorwa pale zionekane kana kwamba zinakwenda mbali. Fundi mmoja wa Kiitalia, Sebastiano Serlio, alieleza ujenzi huo katika kitabu alichokichapa mwaka wa 1545. Siku hizi majukwaa mengi ni tambarare, lakini majina yamebaki. Na fundisho lililomo ni hili: ukisimama nyuma mno wakati mwenzako yuko mbele, yeye hana budi kuwapa watazamaji kisogo kila aneneapo nawe. Uso wako waonekana, wake umepotea. Afanyaye hivyo kusudi amemwibia mwenzake, ingawa mkononi mwake hamna kitu.

Fundisho la pili ni kuweka mwili. Wawili wakizungumza njiani huelekeana uso kwa uso. Jukwaani wakifanya vivyo hivyo, watazamaji huona masikio yao tu. Basi huwafundisha kusimama mshazari, nusu kwa mwenzio na nusu kwa watu. Ukinyosha mkono, nyosha ule ulio mbali na watazamaji, usije ukaufunika uso wako. Ukipiga goti, lishushe lile lililo karibu nao, na mwili wako utafunguka wenyewe. Na kama wataka kujua umefunikwa au hukufunikwa, tafuta macho ya watu: usipoyaona macho ya mtu, naye hayaoni yako. Usisimame mbele ya mwenye kunena. Na mwenzako anenapo, wewe sikiliza kweli, maana watazamaji hutazama pale unapotazama wewe. Ukichezea vidole vyako au ukiwatafuta ndugu zako katika umati, umewaambia watu wote kwamba maneno ya mwenzako hayana thamani.

Fundisho la tatu ni sauti. Wengi hudhani kupaza sauti ni kupiga kelele kooni, na matokeo yake hukaukiwa kabla mchezo haujafika nusu. Sauti ifaayo hutoka katika pumzi iliyojaa mpaka tumboni, na huelekezwa kwa mtu mmoja. Mimi huwaambia wamchague bibi mzee aliyeketi nyuma kabisa, aliyekuja kwa miguu kutoka mbali; huyo akisikia, wote wamesikia. Kisha kuna ugonjwa mmoja ambao ni wa lugha yetu hasa. Katika Kiswahili mkazo wa neno huwa katika silabi ya pili toka mwisho, basi silabi ya mwisho huelekea kufifia. Walakini mara nyingi maana yenyewe imo humo mwishoni. Mchezaji akisema “ameua” au “ameuawa” na kumeza mwisho wa neno, watazamaji hawatajua ni nani maiti na ni nani wa kufungwa. Maliza neno lako kabla hujalianza jingine. Tena watu wakicheka, ngoja. Kicheko ni kama wimbi: hupanda, kikavunjika, kikashuka. Kinapoanza kushuka, ndipo useme, wala usingoje kiishe kabisa.

Tena wenye kucheza nje, kama tulivyo wengi wetu, wachague mahali kwa akili. Wayunani wa kale walikuwa mafundi wa jambo hili. Huko Epidauros, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, walijenga viti vya mawe katika mteremko wa kilima, na wachezaji wakawa chini. Watu wapatao 14,000 waliweza kuketi pale, na hapakuwa na kipaza sauti. Kijijini kwetu hatuna haja ya mawe. Tafuta mteremko mdogo, uwaketishe watu juu yake, nawe ucheze pale chini penye tambarare. Angalia upepo utoke kwa wachezaji kwenda kwa watazamaji, ukawachukulie maneno. Jua la jioni lisiwapige watazamaji machoni. Na nyuma ya wachezaji pawe na ukuta au ua, ili sauti isipotee porini, na macho ya watu yasifuate mbuzi wapitao.

Hayo ni ya jukwaani. Sasa nije katika desturi za darasa, ambazo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi, kwa maana mchezo mbaya aghalabu huharibika katika mazoezi, si siku ya kuonyeshwa.

Desturi ya kwanza ni saa. Mazoezi yakiwa saa tisa, mwanafunzi awe amekwisha fika, amevaa nguo za kumwezesha kuinama na kukimbia, simu imezimwa, na kitabu chake kimo mkononi pamoja na kalamu ya risasi. Nasema ya risasi, wala si ya wino, kwa sababu ataandika pembeni mwa maneno yake mahali pa kusimama na pa kuhama, na kesho huenda tukabadili. Habari ya kuchelewa yasimuliwa na Konstantin Stanislavski, aliyeanzisha pamoja na mwenzake jumba la michezo mjini Moscow mwaka wa 1898. Katika kitabu chake kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka wa 1936, ameandika habari za mwanafunzi aliyepitiwa na usingizi siku ya mazoezi yake ya kwanza. Alipofika, wenzake wote walikuwa wameketi wakimngoja, na msimamizi akayaahirisha mazoezi ya siku ile. Mwanafunzi alidhani amepoteza dakika chache tu. Lakini alikuwa amepoteza siku ya watu wote, na zaidi ya siku, alikuwa amewapotezea ile hamu ya kazi waliyokuja nayo. Husoma habari ile na darasa langu kila mwaka, na sina haja ya kuongeza kemeo langu.

Desturi ya pili ni kimya. Anayengoja zamu yake nyuma ya pazia hanong'oni, hali, wala hachungulii. Asikilize neno la mwisho la mwenzake, maana neno lile ndilo mlango wake wa kuingilia. Asiyelisikiliza huingia amechelewa, na yule aliye jukwaani husimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa na gari.

Desturi ya tatu ni vyombo. Vyombo vyote vya mchezo, kama fimbo, barua, kikombe na mkuki wa mti, huwekwa juu ya meza moja, kila kimoja kikiwa na mahali pake palipochorwa na kuandikwa jina. Mchezaji huchukua chake, akakirudisha mwenyewe. Kisicho chake hakigusi, hata kwa mzaha, hata kwa dakika moja.

Ni hapa ninapotaka kusimulia aliyoyaona yule mzee. Mchezo tuliokuwa tukiufanyia mazoezi ulikuwa “Kinjeketile” wa Ebrahim Hussein, uliochapwa mwaka wa 1969, wenye habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka wa 1905 hata 1907. Binti yake alikuwa katika kundi la wanakijiji, wala hakuwa na neno la kusema. Kazi yake siku ile ilikuwa kuingia na mtungi wa maji, kuutua mahali tulipotia alama ya chokaa, na kutoka. Mzee aliketi nyuma ya darasa, kofia yake magotini. Alipoambiwa sehemu ya binti yake ni hiyo tu, aliniuliza kama mtoto alikuwa ameadhibiwa. Nalimjibu kwamba wachezaji wanne wangeshughulika na maji yale, na kama mtungi ungetuliwa hatua mbili pembeni, hao wanne wangefunikana wote. Asiye na neno la kusema ndiye aliyewapangia wenye maneno mahali pao.

Basi zamu yake ilikaribia. Kumbe kijana mmoja alikuwa amekwisha uchukua mtungi ule mezani, akaenda nao nje kunawa mikono. Binti alinyosha mkono wake mezani, akakuta pale mahali palipochorwa pako patupu. Neno la kumwingiza likatamkwa. Nalimwona akisita kiasi cha pumzi moja. Halafu aliinua mikono yake kichwani kama aliyejitwika, akaingia kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji mengi, shingo imenyoka, akapiga goti penye alama, akautua mtungi usiokuwapo, taratibu, usimwagike, akatoka. Na wale wanne, kwa kuwa waliuona ulipotuliwa, wakaendelea na mchezo wakiuzunguka, wala hapana hata mmoja aliyeukanyaga. Mazoezi yalipokwisha, binti alimwendea yule kijana kando, akamwambia maneno ambayo sisi hatukuyasikia. Kijana akarudisha mtungi mezani, akaufuta maji kwa kitambaa.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha aliniuliza, “Na ufagizi wa mahali hapa ni kazi ya nani?” Nalimwonyesha karatasi ukutani yenye zamu za kufagia, na jina la kijana aliyecheza Kinjeketile mwenyewe limo kwa siku ya Jumatano. Alilisoma jina lile kwa kidole, akavaa kofia yake, akasema, “Basi na aendelee. Lakini afike nyumbani kabla ya magharibi.” Agizo lile nalo nalilishika, nikaanza mazoezi nusu saa mapema kwa ajili ya wote watokao mbali.

Sasa nirudi katika desturi zilizobaki, ambazo ni za usalama, nazo mwalimu ye yote asizilegeze hata kidogo.

Vijana hupenda sana michezo yenye ugomvi. Kofi la jukwaani halipigwi usoni. Mpigaji hupitisha mkono mbali na uso, na mlio hufanywa na mpigwaji mwenyewe, au na mwingine aliyefichika, kwa kupiga makofi mara moja. Avutwaye nywele ndiye ashikaye kwa nguvu mkono wa mvutaji na kuongoza mwendo, na yule mvutaji hufuata tu. Kwa hiyo anayeonekana kuumizwa ndiye mwenye mamlaka, naye akitaka kuacha, jambo huacha. Mambo haya hufanywa polepole kwanza, kwa hesabu, na siku ya mchezo hufanywa kama yalivyofanywa katika mazoezi, pasipo kuongeza cho chote kwa sababu watu wanashangilia. Yamkini mchezaji ana bidii nyingi, lakini bidii isiyopatana na mwenzake ni hatari.

Hatari nyingine ni moto. Mwaka wa 1613 jumba la michezo la Globe, katika mji wa London, ambalo William Shakespeare alikuwa mmoja wa wenyewe, liliteketea. Walipiga mzinga kwa ajili ya mchezo, cheche zikashika paa la majani, na jumba zima likaisha. Kwa bahati njema watu walitoka; yasemekana mmoja suruali yake ilishika moto, ikazimwa kwa pombe. Walipolijenga tena mwaka wa 1614 waliezeka kwa vigae. Lakini mjini Chicago, tarehe 30 Desemba 1903, haikuwa bahati hiyo. Katika jumba la Iroquois taa ya umeme iliwasha pazia wakati wa mchezo wa mchana, siku ambayo watoto wengi walikuwa wamekuja pamoja na mama zao. Pazia la kuzuia moto liliposhushwa likakwama. Milango mingine ilikuwa imefungwa. Mchezaji Eddie Foy alibaki jukwaani akiwasihi watu wasikanyagane, lakini watu wapatao 600 walikufa. Baada ya msiba ule sheria za majumba ya namna hiyo zilitiwa nguvu katika miji mingi.

Sisi ambao mapaa yetu mengine ni ya makuti na majani hatuwezi kusema habari hizo ni za mbali. Usiweke mshumaa wala kibatari karibu na pazia. Taa ndogo za jua zatosha, tena bei yake si kubwa kama zamani. Milango yote iachwe wazi tangu mchezo uanzapo hata uishe. Watoto wasiketi katika njia ya kutokea. Uwepo mchanga katika ndoo, na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kuutazama, asiyecheza mchezo ule.

Mwisho kabisa wa kila somo huketi duara tukaambiana tulivyoona. Amri yangu ni kwamba mtu aseme kwanza kile alichokiona, kabla ya kusema kizuri au kibaya. “Nalimwona akitazama mlango kabla mgeni hajabisha hodi” ni neno la kumfaa mwenzako. “Hukucheza vizuri” halimfai kitu. Na anayeambiwa hajibu siku ile. Huandika, akaenda nalo nyumbani. Kumcheka mwenye kujikwaa ni marufuku, maana mtu aliyechekwa jana hatathubutu leo, na darasa lisilothubutu halijifunzi.

Watu wa kijiji nao waweza kusaidia sana katika jambo hili. Mwaka wa 1977, wanakijiji wa Kamiriithu karibu na Limuru, katika nchi ya Kenya, walijenga kwa mikono yao wenyewe jukwaa la wazi, wakacheza mchezo kwa lugha ya Kikikuyu. Mazoezi yao hayakufichwa. Jirani ye yote aliweza kuja kutazama, na wakulima na wafanya kazi wakawa wanawasahihisha wachezaji: jembe halishikwi hivyo, mzee haneni na mgeni hivyo. Serikali ya wakati ule iliuzuia mchezo baada ya majuma machache, na mwaka wa 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Lakini njia yao ya kujifunza yaweza kufuatwa mahali po pote. Katika kijiji mna fundi, mna mkunga, mna mvuvi, na kila mmoja anajua mikono ya kazi yake inavyokwenda. Mwigizaji mwenye busara huwaendea hao na kuwauliza, kabla hajasimama mbele yao kuwaiga.

Ndugu zangu, methali yasema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini kutunzwa huko kwataka nasi tuwatunze wanaotutazama. Wenye vikundi, anzeni na mraba wa chokaa na meza ya vyombo. Hivyo viwili havina gharama. Wekeni saa na kuifuata. Wapeni watoto wanyamavu sehemu zisizo na maneno, na kuwaambia wazi kwa nini sehemu hizo zina maana. Na ninyi wazazi, mtoto akichelewa kurudi kidogo kwa sababu ya mazoezi, msikae nyumbani mkinung'unika, bali njoni mkaketi nyuma ya darasa. Mlango wetu u wazi, na viti vipo. Tena mkiketi kule nyuma mtatusaidia kujua jambo moja tulipendalo kulijua siku zote, yaani kama maneno yamefika.